Kifauongo: Mmea mmoja, majina mengi na siri ya kifo kisicho cha kweli

MIONGONI mwa mimea midogo inayotambaa kando ya njia na viwanjani katika mwambao wa Afrika Mashariki, upo mmoja ambao watoto huujua kabla hawajajua kusoma. Ukiguswa kwa ncha ya kidole, vijani vyake hufumba viwili viwili, kikonyo huinama, na kwa muda mfupi jani lililokuwa limechanua huonekana kama lililonyauka.

Baada ya dakika kadhaa jani hilo hunyanyuka tena na kuchanua, kana kwamba hakuna lililotokea.

Waswahili wameuita mmea huo kifauongo. Kwa wale wanaosema urongo badala ya uongo, ni kifaurongo. Wataalamu wa mimea huujua kwa jina la Mimosa pudica, alilolitoa Mswidi Carl Linnaeus katika kitabu chake cha mwaka 1753 kilichoweka utaratibu wa kuipa mimea majina ya kisayansi.

Kati ya majina hayo mawili yapo mengine mengi, kwani ni nadra kupata lugha ya nchi za joto isiyokuwa na jina lake kwa mmea huu. Baadhi ya watu wameuona una haya, wengine wameuona unalala, wengine unasalimu, na wengine unakufa. Kila jina ni jibu fupi kwa swali moja: kwa nini mmea ujikunje unapoguswa?

Mgeni aliyekuja kwa meli

Asili ya kifauongo ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, kuanzia visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati hadi Amerika ya Kusini. Ulisambaa duniani katika karne chache zilizopita, baada ya vyombo vya baharini kuunganisha bara hilo na mengine. Wengine waliubeba kwa makusudi kama kioja cha kuoteshwa bustanini, na mahali pengine ulisafiri wenyewe, kwa kuwa maganda ya mbegu zake yana vinywele vikali vinavyonasa kwenye nguo na manyoya ya wanyama.

Mmea huu ni wa jamii ya kunde. Shina lake ni jembamba, lina miiba midogo, na kwa kawaida halizidi urefu wa mita moja. Maua yake ni vitufe laini vya rangi ya waridi au zambarau. Kama ilivyo kwa mikunde mingi, mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria wanaoweza kuifunga naitrojeni ya hewani na kuifanya itumiwe na mmea.

Kwa kuwa ni mgeni katika Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, majina yake katika maeneo hayo hayawezi kuwa ya kale sana kwa maana yake ya sasa. Watu waliukuta, wakaugusa, wakashangaa, kisha kila jamii ikatafuta neno katika hazina yake.

Jina linalofichua hila

Muundo wa neno kifauongo ni wa Kiswahili halisi. Kiambishi ki- kimetangulia kitenzi -fa, kikafuatwa na neno uongo. Ndivyo yalivyoundwa pia maneno kifunguamimba, yaani mtoto wa kwanza, na kitindamimba, yaani mtoto wa mwisho. Kifauongo, basi, ni kile kinachokufa kwa uongo.

Jina hilo halikuwekwa kwa ajili ya mmea peke yake. Hutumika pia kwa mdudu ambaye akiguswa hukunja miguu na kutulia kama mzoga, kisha hatari ikipita huamka na kwenda zake. Aidha, Afrika ina mimea yake ya asili, ile ya jenasi ya Biophytum, ambayo nayo hukunja majani ikiguswa, ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi. Inawezekana kabisa kwamba neno lilikuwapo kabla mgeni wa Amerika hajafika, naye akalirithi kwa sababu ya tabia yake.

Linalovutia zaidi ni uteuzi wenyewe wa neno. Kiswahili hakikukosa maneno ya kuueleza mmea unaoinama ukiguswa. Kina haya, kina soni, kina aibu, na kila moja lina uzito wake. Hata hivyo, wasemaji wake hawakusema kwamba mmea huu unaona haya. Walisema kwamba unajifanya umekufa, na zaidi ya hapo wakasema kwamba kifo hicho ni cha uongo.

Mbali sana na Pwani ya Afrika Mashariki, wapo watu waliofikiri vivyo hivyo. Katika visiwa vya Tonga, vilivyo kusini mwa Bahari ya Pasifiki, mmea huu huitwa mateloi. Mate ni kufa, na loi ni uongo. Lugha mbili zisizopakana, kila moja kando ya bahari yake, zimeufikia uamuzi uleule kuhusu mmea uleule.

Wanaouona una haya

Hata hivyo, fungu kubwa la majina ya mmea huu duniani limejengwa juu ya haya. Jina la kisayansi lenyewe liko upande huo, kwani pudica katika Kilatini ni mwenye haya au mwenye kujistahi. Sehemu ya kwanza, Mimosa, inatokana na neno la Kigiriki la mwigaji, kwa kuwa majani yake yalionekana kuiga hisia za kiumbe hai.

Nchini India, Wahindi huuita lajwanti, yaani mwanamke mwenye haya, na Wabengali huuita lojjaboti kwa maana hiyohiyo. Wachina huuita hanxiucao, majani yaliyojaa haya. Nchini Indonesia ni putri malu, binti mfalme mwenye haya, na huko Hawaii ni pua hilahila, ua lenye haya. Katika Guadeloupe na Martinique, watu husema Marie-honte, yaani Maria mwenye aibu.

Wafilipino wana jina makahiya, ambalo shina lake ni hiya, neno la Kitagalogi linalokaribiana kwa bahati tu na haya ya Kiswahili. Nao ndio wenye hekaya inayosimuliwa sana kuhusu asili ya mmea huu.

Inasimuliwa kwamba hapo zamani palikuwa na mume na mke waliojaliwa binti mmoja, jina lake Maria. Alikuwa mtiifu na mpole, lakini mwenye haya mno, kiasi kwamba akiona mgeni hujificha. Siku moja habari zikaenea kwamba majambazi wanavamia vijiji, wakiua na kupora.

Wazazi wakamficha binti yao bustanini, kisha mama akaomba mtoto wake anusuriwe. Majambazi wakaingia, wakawapiga wenye nyumba, wakachukua walichokitaka na kuondoka. Wazazi walipozinduka walikimbilia bustanini, wasimwone Maria popote. Baba alichomwa mguuni na kitu, akainama kutazama, akaona mmea mdogo wenye miiba ambao haukuwapo hapo awali, nao ulipoguswa ukafumba majani yake. Wakatambua kwamba huyo ndiye mtoto wao.

Hekaya hiyo ina huzuni, na haya yanayotajwa ndani yake hayakuwa pambo. Yalikuwa namna ya kunusurika, kwa kuwa mtoto aliokoka kwa kujificha ndani ya umbo lisilotamaniwa na mtu.

Ni vigumu pia kutoona kwamba majina mengi ya fungu hili yameupa mmea jinsia. Ni mwanamke, ni binti mfalme, ni Maria. Jamii zilizomtaka msichana ainamishe macho mbele ya mgeni zilikuta kando ya njia mmea unaofanya jambo hilo bila kufundishwa, zikaufanya mfano.

'Maria, funga mlango'

Lipo fungu la majina ambalo si maelezo bali ni amri. Nchini Brazil mmea huu huitwa maria-fecha-a-porta, yaani Maria, funga mlango. Huko Trinidad unajulikana kama ti-marie, Maria mdogo, na watoto huugusa huku wakimwamuru Maria afunge mlango kwa kuwa polisi wanakuja.

Magharibi mwa Afrika, Wayoruba wa Nigeria huuita patanmo, jina ambalo ni agizo la kubana mapaja, kama mama anavyomwonya binti anayekaa vibaya mbele ya watu. Nchini Uganda, Waganda huuita weewumbeko, jina linalouambia mmea ujifumbe au ujikunje.

Katika majina haya mtoto ndiye anayetoa amri na mmea ndio unaotii. Kwa mtoto, ambaye kutwa nzima huamrishwa na wakubwa, jambo hilo si dogo. Pengine ndiyo sababu michezo ya namna hii imedumu bila kuandikwa popote, ikipita kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto mwenzake.

Wajapani wameona adabu zaidi kuliko utii. Wao huuita ojigiso, mmea unaoinama kusalimu. Nchini India nako, pamoja na majina ya haya, upo katika Kisanskriti wito wa namaskari, yaani mtoa salamu, kwa sababu vijani vinavyokutana hufanana na viganja viwili vilivyounganishwa.

Usingizi na mauti

Wasemaji wa Kihispania katika nchi nyingi za Amerika huuita dormidera au dormilona, majina yanayotokana na kulala. Wasinhala wa Sri Lanka nao wameliingiza neno la usingizi katika jina lao, nidikumba.

Majina haya yana msingi mwingine wa kweli, kwa kuwa kifauongo hakisubiri kuguswa ili kijikunje. Jua likitua hufumba majani yake chenyewe na kuyafumbua asubuhi.

Katika visiwa vya Puerto Rico, Cuba na Jamhuri ya Dominika, jina ni morivivi, maneno mawili ya Kihispania yaliyounganishwa: nilikufa, nikaishi. Hapo mmea ndio unaosema, nao unasimulia habari zake wenyewe. Jina hilo liko karibu sana na kifauongo, lakini kuna tofauti. Mtu wa Puerto Rico ameuamini mmea kwamba ulikufa kweli ukafufuka. Mswahili hakuamini.

Kutoka bustanini hadi maabara

Barani Ulaya mmea huu ulipofika uliitwa mmea wenye hisia, na jina hilo likawasumbua wasomi kwa karne kadhaa. Ikiwa mmea unahisi, mpaka kati yake na mnyama uko wapi? Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliueleza katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665, akitafuta chanzo cha mwendo huo.

Mwaka 1729, mtaalamu wa elimu ya nyota wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliuweka mmea wa aina hii gizani. Aligundua kwamba hata bila kuliona jua, majani yaliendelea kufumbuka mchana na kufumba usiku. Jaribio hilo dogo huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya saa ya mwilini, ambayo iliwapatia Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017.

Katika karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard aliufukiza mmea huu kwa etha, dawa iliyotumiwa hospitalini kuwalaza wagonjwa wa upasuaji. Mmea ukaacha kuitikia mguso hadi dawa ilipokwisha nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Jagadish Chandra Bose, mwanasayansi wa Bengali aliyeishi kati ya mwaka 1858 na 1937, alitengeneza vyombo vyepesi vya kupima mwendo wa majani na ishara za umeme ndani ya mmea, akadai kwamba mimea ina mfumo unaofanana na wa neva.

Leo utaratibu wenyewe unafahamika vyema. Kwenye kitako cha kila kijani na kila kikonyo kuna kifundo kidogo kilichojaa seli zenye maji. Mguso huzalisha ishara ya umeme. Ishara ikifika kwenye kifundo, chembechembe za potasiamu na kloraidi hutoka ndani ya seli za upande mmoja na maji huzifuata. Upande huo hulegea, upande wa pili hubaki umejaa, na jani huinama. Kurudi katika hali ya awali huchukua muda zaidi, kwani maji na chumvi hizo lazima virudishwe ndani ya seli.

Mguso mwepesi huathiri jani lililoguswa tu. Lakini jani likikatwa au likiunguzwa, ishara husafiri hadi kwenye majani mengine, nayo hufumba kabla hayajafikiwa.

Mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Monica Gagliano walitangaza kwamba mimea hii, ikidondoshwa mara nyingi kutoka kimo kidogo bila kudhurika, huacha kujikunja, na kwamba tabia hiyo ilibaki hata baada ya takriban mwezi mmoja. Baadhi ya wanasayansi walipinga kuliita jambo hilo kumbukumbu, na mjadala haujafungwa.

Swali kubwa zaidi lilikuwa faida ya mwendo huo kwa mmea. Mwaka 2022, watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuilinganisha mimea ya kawaida na ile iliyofanywa isiweze kujikunja. Panzi walikula zaidi majani ya mimea isiyojikunja. Kujikunja, kwa hiyo, ni kinga. Jani lililofumba huwa dogo kwa mwenye kulitazama, hufichua miiba ya shina, na mdudu aliyetua juu yake hupoteza pa kusimama.

Kwa maneno mengine, mmea huu hauoni haya wala haulali usingizi unapoguswa, na kufa haufi. Unamfanya anayetaka kuula aone kwamba hakuna cha kuliwa. Hilo ndilo jina la Kiswahili lilikuwa limelisema tangu awali.

Dawa, miiba na tahadhari

Imani za watu kuhusu matumizi ya mmea huu mara nyingi zimefuata majina. Katika nchi kadhaa za Amerika ya Kati, unaoitwa mlalaji ndio unaowekwa chini ya mto wa mtu aliyekosa usingizi. Katika tiba za jadi za India, mmea huu umetumiwa kwa bawasiri, vidonda na kuzuia damu.

Hata hivyo, jina la kuvutia si kibali cha kunywa dawa bila kipimo. Kifauongo kina kemikali iitwayo mimosini, ambayo hupatikana pia katika mti wa lusina, na hujulikana kuwatoa nywele wanyama walioila kwa wingi.

Kwa mkulima, nao mshangao wa mtoto hugeuka adha. Mmea huu huhesabiwa kuwa gugu sugu katika mashamba na malisho ya nchi nyingi za joto. Miiba yake huumiza mikono na miguu ya mpalizi, na ukishatawanya mbegu kuutokomeza huwa kazi ngumu.

Jina lisilofika darasani

Katika shule za sekondari za Afrika Mashariki, mwanafunzi wa biolojia hukutana na mmea huu katika mada ya jinsi viumbe hai vinavyoitikia mazingira. Mara nyingi hufundishwa kwa Kiingereza, naye hutakiwa kuandika Mimosa pudica kama mfano wa mmea unaoitikia mguso.

Hulikariri jina hilo la Kilatini kwa ajili ya mtihani, na anaweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba mmea unaozungumziwa ndio uleule aliouchezea akiwa mdogo, wala kwamba jina alilolisikia kwa bibi yake lina ndani yake maelezo ambayo kitabu chake kimeyachukulia aya nzima.

Hasara ya hapo ni kubwa kuliko neno moja. Jina la Kilatini linamwambia kwamba mmea una haya, jambo ambalo hakuna mwalimu wa sayansi angelikubali kama jibu la mtihani. Jina la Kiswahili linamwambia kwamba mmea unajifanya umekufa, na papo hapo linamwachia swali analoweza kulichunguza: unamdanganya nani, na kwa faida gani? Watafiti wa mwaka 2022 walihitaji panzi na vyombo vya kisasa ili kulijibu.

Majina ya mimea ya porini hayapotei kwa kupigwa marufuku. Hupotea pale mtu mzima anapoulizwa na mtoto mmea huu ni nini, akajibu kwamba ni majani tu. Kwa kifauongo hali bado si hiyo, kwa kuwa mmea wenyewe ni mwingi na kila kizazi cha watoto huugundua upya. Inatosha kwamba yupo wa kuwaambia jina lake, na wa kuwauliza kwa nini wazee waliliweka neno uongo ndani yake.